CG iliyolala mvua nzima inawaka kwa choki tu: ni jeti, valvu au salfa?

#1 Kitangari Mchanga

Wakuu, salaam.

Mvua zimekatika, barabara za Newala zimekauka, pikipiki zinatoka mabandani. Hii moja inasumbua.

Ni cc 125 ya mfumo wa CG (nakala ya Honda CG125), injini ya fimbo zinazosukuma valvu, kabureta PZ27, breki za ngoma mbele na nyuma. Imelala tangu wiki ya mwisho ya Januari. Tenki lilikuwa nusu, koki imefungwa, lakini bakuli la kabureta halikumwagwa. Banda ni la bati, chini udongo, kona moja kuna mifuko ya salfa, dawa ya unga ya mikorosho.

Hadi sasa: petroli ya zamani imemwagwa yote, imeingia mpya lita 2. Plagi mpya D8EA, cheche inaonekana. Betri ilisoma volti 11.3, ikachajiwa hadi 12.5. Kwa choki inawaka kiki ya tatu. Ukirudisha choki nusu inahangaika, ukiirudisha yote inazima. Ukipiga resi inakohoa kwanza ndipo inashika.

Kabureta imeshafunguliwa, ikaoshwa kwa petroli na kupulizwa kwa pampu ya baiskeli. Hali ni ileile. Kwa hiyo nasema jeti (vitundu vya kupitishia petroli kwenye kabureta) si tatizo tena, ni valvu au kuna mahali inavuta hewa. Nani anapinga?

#2 SpanaKumi

Napinga. Pampu ya baiskeli hupitisha hewa palipo wazi. Palipoganda haizibui kitu.

Petroli ikikaa kwenye bakuli, vile vyepesi vinapaa na kinachobaki ni utomvu wa rangi ya chai. Bakuli lenyewe dogo, bati linachoma mchana kutwa, miezi minne ni mingi kupita kiasi. Inayoziba kwanza ni jeti ndogo, ya sailensa (injini ikinguruma bila resi), kwa sababu tundu lake ni kama milimita 0.35 hadi 0.40. Jeti kubwa iko karibu milimita 1, ndiyo maana ukipiga resi mwishowe inashika. Choki inabana hewa, injini inalazimika kunyonya mafuta kwa njia kubwa. Ukiirudisha, njia ndogo haina cha kutoa. Dalili zako zote zimo humo.

Fungua tena hivi. Funga koki, legeza skrubu ya chini ya bakuli, mwaga. Toa bakuli, chomoa pini ya floti, toa floti na sindano yake, weka kwenye kisahani cheupe visipotee. Jeti ndogo imezama shimoni: tafuta bisibisi bapa inayoenea mfuo wake sawasawa, maana ni shaba na kichwa kikichanika ndiyo basi. Inyanyue juani. Lazima uone duara zima la mwanga, si chembe ya mwanga.

Usiipitishie sindano ya kushonea wala uzi wa waya wa breki. Chuma kinapanua tundu. Chukua waya laini wa umeme wa nyuzi nyingi, ule wa 0.75: uzi wake mmoja ni milimita 0.2 ya shaba. Walio pwani wana nailoni ya kuvulia ya 0.25, inafaa zaidi. Jeti za shaba peke yake zilale kwenye tina ya rangi usiku mmoja. Floti, oringi na mpira wowote visiguse tina.

Halafu kuna vitundu ambavyo watu wengi hawavioni: pembeni mwa jeti yenyewe, na vile viwili vidogo ndani ya koo la kabureta upande wa injini, chini ya ukingo wa slaidi, kile kipande kinachopanda ukipiga resi. Hivyo visipopitisha hewa, umeosha bakuli tu.

#3 Mikindani Pwani

Mimi naona inavuta hewa. Mpira wa kabureta unakauka na kupasuka ukikaa muda mrefu. Iwashe kwa choki, pulizia maji ya sabuni kwenye maungio. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Petroli usipulizie, injini ya moto hiyo.

#4 FundiNgoma

Mkuu #3, CG haina huo mpira upande wa injini. Mpira uko nyuma, kati ya kabureta na eya klina, na huo ukipasuka utaingiza vumbi lakini hautaleta dalili hii. Mbele kuna kile kipande cheusi kigumu kinachozuia joto, na oringi zake. Hapo kweli hewa huingia, kwa sababu mbili: oringi imekuwa bapa na ngumu kama plastiki, au uso wa kabureta umepinda kwa watu kukaza zile nati mbili kama wanakaza habu ya trekta.

Kupima: toa kabureta, weka uso wake juu ya kioo, washa tochi kwa nyuma. Mwanga ukipenya katikati, umepinda. Bandika msasa namba 400 kwenye kioo, sugua kwa mwendo wa nane hadi uso wote uwe na rangi moja, osha, weka oringi mpya. Nati kaza kwa zamu, kidogo huku kidogo huku.

Jaribio la maji ya sabuni liko sahihi, nakubali.

#5 Dada Spea Masasi

Naongezea kwa #4. Oringi ya hapo usikubali ya bomba la maji hata kama inaenea. Petroli inaivimbisha ndani ya siku mbili, inatoka kwenye mfereji wake na hewa inaingia upya. Omba ya kabureta, ya mpira unaostahimili mafuta. Na ukinunua seti ya ukarabati wa kabureta, pima jeti iliyomo na ya kwako kabla ya kutupa ya zamani. Seti nyingi za bei rahisi namba iliyogongwa na tundu lenyewe haviendani.

#6 Mahuta Mwisho wa Lami

Mnazunguka mbuyu. Ameshasema kuna SALFA bandani. Salfa inakula shaba. Kila soketi ya waya, swichi ya funguo, mguu wa koili, vyote vinakuwa vyeusi. Cheche inaonekana kwa macho lakini haina nguvu. Tandahimba pikipiki zinazolala na salfa zinajulikana, ukichomoa soketi unakuta weusi kama masizi.

#7 Kamusi ya Mafuta

#6 uko sahihi nusu.

Salfa inaitia shaba weusi, hilo halina ubishi, na kukiwa na unyevu wa miezi ya mvua inaenda haraka zaidi. Huo weusi unapunguza umeme kupita. Lakini CG nyingi za kabureta cheche yake haitoki kwenye betri: inatoka kwenye koili iliyo chini ya sumaku, inapita kwenye CDI (kisanduku kinachopanga wakati wa cheche), inakwenda koili ya plagi. Soketi zikiwa chafu, pikipiki itakosa cheche au itakatakata kwenye kila mwendo. Haitachagua kuzima pale tu choki inaporudishwa. Kwa dalili za #1 namuunga mkono SpanaKumi.

Soketi zisafishwe hata hivyo. Chomoa moja moja, futa weusi kwa msasa laini uliokunjwa au kwa kifutio cha penseli, rudisha, paka vaselini kiasi kwa nje. Usipake grisi ya beringi katikati ya miguu ya shaba.

Na hiyo mifuko iondolewe humo. Vumbi la salfa linashika moto kwa cheche ndogo, na moshi wake unakaba pumzi. Kuilaza na tenki la petroli chini ya bati moja ni hatari kuliko jeti zote.

#8 Liwale Tope

Kabla ya yote hayo, umechungulia ekzosi? Dondola wa udongo hawahitaji miezi minne, wiki moja wanajaza. Weka kiganja mdomoni mwa ekzosi mtu apige kiki, usikie pumzi. Na wanaziba vitundu vingine: mrija wa kupumulia betri, mrija wa kumwagia kabureta, tundu la mfuniko wa tenki.

Panya nao. Waya wa chini ya kiti, angalia meno.

#9 Boda Mstaafu Lindi

Masika ya mwaka huu yameua pikipiki nyingi jamani.

#10 Kamusi ya Mafuta

Masika ya wapi mkuu? Masika na vuli ni vya wenzetu wa Dar na Tanga. Kusini mvua yetu ni moja, inaanza Novemba au Desemba inaishia Aprili. Na ndiyo sababu pikipiki za huku zinalala mfululizo kuliko za kwao.

#11 Boda Mstaafu Lindi

Zinalala kwa sababu ya mvua au kwa sababu hela ya korosho imeisha? Pikipiki inanunuliwa Novemba mnada wa pili, Februari haina hata ya petroli 😂

#12 Kitangari Mchanga

#11 tuache tupumue.

Nimefanya ya #2 yote. Jeti ndogo ilikuwa na mwanga kama ncha ya pini, tina na uzi wa shaba vimeifungua, sasa duara linaonekana. Vitundu viwili vya koo, kimoja kilikuwa kimeziba kabisa. Oringi ilikuwa bapa, imebadilishwa. Uso haujapinda. Ekzosi inapumua.

Matokeo: inawaka bila choki, sailensa imetulia. Baada ya dakika 10 hadi 12 ya mwendo inazima yenyewe, kama mtu amefunga koki. Kiki haitoi kitu. Ikipoa robo saa inawaka tena kama haikuwa na neno.

SpanaKumi, mchezo wa kwanza umeshinda. Huu wa pili ni wa nani?

#13 SpanaKumi

Ahsante. Wa pili naukabidhi kwa #8: tundu la mfuniko wa tenki. Petroli inashuka, hewa haiingii, tenki linajivuta kwa ndani hadi mafuta yanasimama. Robo saa hewa inajipenyeza polepole, mafuta yanashuka tena. Ikizima, fungua mfuniko hapohapo. Ukisikia "fyuu" na ikawaka, kesi imefungwa. Zibua kwa mafuta ya taa na uzi wa nailoni, usitoboe.

#14 FundiNgoma

Ni valvu. Pikipiki imelala, mtu anaiamsha bila kupima nafasi ya valvu. Ikiwa ndogo, chuma kikipata moto kinatanuka, valvu ya ekzosi haikai tena kitini, mgandamizo unapotea, inazima. Ikipoa inarudi. Kitabu kizima cha dalili kimekaa hapo.

Kwenye CG hii kazi ni ya nusu saa na haihitaji fundi. Injini iwe baridi kabisa, asubuhi kabla ya jua. Toa plagi, toa kifuniko cha juu, toa vifuniko viwili vya kushoto upate nati ya sumaku. Zungusha sumaku kinyume cha mishale ya saa hadi alama ya T ikae mkabala na alama ya kwenye bodi. Shika roka zote mbili (vile vyuma vinavyobonyeza valvu): zikicheza kidogo, uko kwenye mgandamizo, pima. Zikibana, zungusha raundi nzima moja. Fila (bati jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.08 ipite kwa kukwaruza, kama unavuta karatasi iliyokaliwa na kitabu. Legeza nati, zungusha skrubu ya juu, kaza nati huku umeishika skrubu, kisha PIMA TENA, maana kukaza kunasogeza.

#15 Nyangao Kona

0.08 umeitoa wapi? Vitabu vya hizi za Kichina vinaandika 0.05.

#16 FundiNgoma

Vingine ndiyo. 0.08 ni ya Honda CG125 yenyewe, iliyoanza 1976, na ndiyo iliyonakiliwa. Ikiwa kitabu chako kinasema 0.05, fuata kitabu chako. Kwa pikipiki inayobeba mzigo wa mkaa kupanda Makonde, 0.08 inapiga kelele kidogo lakini haiunguzi valvu. Valvu inayolia ni afadhali kuliko iliyonyamaza.

#17 Mahuta Mwisho wa Lami

Zote mbili siyo. Inazima ikipata joto na kurudi ikipoa = koili. Ama koili ya chini ya sumaku ama ile ya plagi. Waya wake mwembamba una ufa usioonekana, joto linautanua, umeme unakatika. Na nani ameula ule waya? Salfa. Nimerudi palepale.

#18 Kamusi ya Mafuta

Koili ya ndani imepakwa vanishi na imefunikwa, vumbi la salfa halifiki. Koili inaweza kweli kufa kwa joto, lakini usiibambikie salfa kila maiti. Hivi wewe unauza dawa nyingine ya mikorosho? 😂

#19 Mahuta Mwisho wa Lami

Nauza ukweli, haununuliki.

#20 Dada Spea Masasi

Jamani, mwenzetu asinunue koili, mfuniko na valvu kwa siku moja. Vitu vitatu mnavyobishania vinajitenga vyenyewe pale barabarani. Abebe plagi moja ya akiba, spana ya plagi, bisibisi, na chupa tupu ya maji. Ikizima tu, kabla haijapoa, afuate mpangilio huu:

Kwanza kofia ya plagi kwenye plagi ya akiba, chuma cha plagi kiguse kichwa cha injini, apige kiki. Hakuna cheche au ni nyekundu dhaifu: #17. Cheche ya buluu inayolia "tak tak": si umeme.

Pili alegeze skrubu ya bakuli, petroli idondokee kwenye chupa. Ikitoka kidogo na kukata, afungue mfuniko wa tenki. Ikianza kutiririka, #13. Ikibaki imekata, ni koki: kikombe chake cha chini kimejaa kutu na maji.

Tatu, vyote viwili vizima: asukume kiki kwa mkono polepole. Ikishuka laini bila kukataa, #14.

Injini ya moto, chupa ya petroli ikae mbali na plagi inayotoa cheche. Hatua ya kwanza imalizike ndipo ya pili ianze.

#21 Boda Mstaafu Lindi

Dada amewafunga wote. Spea unatuma hadi Kilwa?

#22 Liwale Tope

Hapo kwenye koki nikazie. Tenki nusu kwa miezi ya mvua ni kosa lililofanyika siku ya kwanza. Nusu ya juu ni hewa yenye unyevu. Usiku bati linapoa, matone yanajitengeneza ukutani, yanateremka chini ya petroli kwa sababu maji ni mazito. Koki inanyonya kutoka chini. Kutu nayo inaanzia mstari ule mafuta yalipoishia.

Ama ujaze hadi shingoni, ama umwage yote, uingize vikombe viwili vya chai vya oili, ugeuzegeuze tenki ukuta wote ulowe, umwage iliyobaki.

#23 Nyangao Kona

Kujaza hadi shingoni kwenye banda lenye watoto na jiko la kuni jirani, hapana. Kumwaga na kupaka oili ndiyo njia yetu.

#24 Chikundi Njiapanda

Kutu ikishaingia, kuna anayesema juisi ya mabibo inaitoa. Kweli?

#25 Kamusi ya Mafuta

Asidi imo kidogo, lakini sukari imo nyingi na itachacha humo ndani. Pia mabibo yana ukakasi, ule unaokausha mdomo. Ukikutana na chuma unatoa weusi unaoganda. Utaondoa kutu nyekundu upate matope meusi. Tumia siki nyeupe: toa koki, ziba tundu, jaza tenki, acha saa 24, tikisa na kokoto chache safi au nati za zamani (zihesabu ukiziingiza na ukizitoa). Mwaga, suuza kwa maji yenye vijiko vitatu vya magadi soda ili asidi ife, suuza tena, kausha juani haraka, paka oili siku hiyohiyo. Chuma kilichotoka kwenye siki kinashika kutu mpya ndani ya saa moja.

#26 Boda Mstaafu Lindi

Yaani mabibo yabaki ya uraka. Na uraka ni wa mwenye pikipiki akishashuka, si wa tenki.

#27 Makuti Breki

Ngoja tuseme breki, maana mnapigania iwake na hakuna aliyeuliza itasimamaje.

Ngoma iliyolala mvua nzima ina kutu kwenye uso unaogusana na shu. Siku ya kwanza inakamata ghafla, hasa ya mbele, kwenye mchanga wa Kitangari utakuwa umelala wewe. Toa gurudumu. Vumbi usilipulize kwa mdomo wala pampu, shu nyingine zina asbesto. Futa kwa kitambaa kilichoroweshwa. Ngoma sugua kwa msasa namba 120, kwa mzunguko. Shu iliyong'aa kama kioo ikwaruzwe mng'aro utoke. Ikibaki chini ya milimita 2, badilisha. Kemu, kile chuma cha bapa kinachopanua shu, mara nyingi kimeganda: chomoa, safisha, paka grisi nyembamba kama kucha. Grisi ikizidi inayeyuka na kuingia kwenye shu. Ukirudisha, mkono wa breki ucheze milimita 20 hadi 30 kabla haijashika.

Jambo la kuchekesha: ndani ya shu nyingi za breki duniani kuna unga unaotengenezwa kwa mafuta ya ganda la korosho, kwa sababu unastahimili joto na kutuliza kelele. Tunauza korosho na ganda lake, ganda linarudi Mtwara likiwa breki.

#28 Chikundi Njiapanda

Basi mafuta hayo ya ganda tupake mnyororo?

#29 Makuti Breki

Thubutu! Yanababua ngozi, muulize yeyote aliyebangua korosho bila kupaka majivu au mafuta mkononi. Na yakipata joto yanaganda kama lami, mnyororo utakuwa fimbo.

Mnyororo wenye kutu: ufungue, ulaze kwenye mafuta ya taa au dizeli, sugua kwa brashi, kausha, kisha oili nzito ya giaboksi, namba 90. Tia kwa ndani, kwenye rola, acha usiku inyonye. Oili chafu ya injini iache, ina chembe za chuma. Klipu ukiirudisha, upande uliofungwa utangulie kule mnyororo unakokwenda. Ulegevu milimita 20 hadi 30 katikati ya chini, mpime sehemu tatu kwa kuzungusha gurudumu maana haulegei sawa. Kujua kama umekwisha: uvute unyooke, hesabu pini 21. Mpya ni milimita 254. Ukifika 259, badilisha pamoja na sproketi zote mbili.

#30 Nyangao Kona

Na oili ya injini? Mwaga kabla ya kuiwasha au baada?

#31 SpanaKumi

Kabla. Oili iliyolala ina maji na asidi. Ukiona imekuwa kama chai ya maziwa, usiipige hata kiki moja. CG inachukua lita 0.9 ikimwagwa, 20W-50. Wengi wanamwaga lita nzima, ile ya ziada inapanda kwenye mrija wa kupumulia na kulowesha eya klina.

#32 FundiNgoma

Baada. Oili baridi ni nzito, uchafu unabaki chini. Iwashe dakika tatu ipate uvuguvugu, mwaga, uchafu utoke nayo.

#33 SpanaKumi

Dakika tatu za kuzungusha maji kwenye kemu ya injini, ndipo unayatoa?

#34 FundiNgoma

Maji hukaa chini, hutoka kwanza ukilegeza bolti. Legeza hadi idondoke matone machache, yakiwa maji, mwaga yote. Yakiwa oili, kaza na uwashe.

#35 Liwale Tope

Mnasahau silinda. Kabla ya kiki yoyote: toa plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu, subiri saa chache. Kofia ya plagi ichomekwe kwenye plagi ya zamani iliyoguswa na chuma cha injini, isining'inie hewani, maana umeme ukikosa njia ya kutoka unarudi kuumiza CDI. Kiki kumi za polepole. Ringi zilizokauka zikikwaruza silinda yenye kutu, itatoa moshi wa buluu maisha yake yote.

Kirachi nacho: sahani zinagandana. Ukitia gia ya kwanza itaruka mbele ingawa umekamata. Tia gia ya nne injini imezimwa, kamata kirachi, isukume mbele na nyuma hadi ziachane.

#36 Dada Spea Masasi

Betri ya 12.5 aliyoitaja #1 siiamini. Volti zipimwe baada ya kuiacha saa 12 bila chaja. Iliyojaa inasoma 12.6 hadi 12.8. Ikirudi 12.2, sahani zimeshika salfeti. Na hii salfeti #6 usiirukie, inatoka kwenye asidi ya betri yenyewe, haihusiani na mikorosho.

Ya maji: ongeza maji ya betri hadi mstari wa juu, asidi usiongeze. Chaji kwa moja ya kumi ya ukubwa wake. Ya Ah 5 ni ampea 0.5, saa 10 hadi 14. Wanaounga sola ya wati 20 moja kwa moja, ile paneli inatoa zaidi ya volti 18 na ampea 1 jua likiwaka. Betri ndogo inachemka na kukauka ndani ya siku chache. Weka kontrola ya chaji.

#37 Mahuta Mwisho wa Lami

Nimeisoma. Sijarukia.

#38 Kitangari Mchanga

Shukrani wote. Jaribio la #20 nimelifanya mara mbili, kwenda na kurudi.

Mara ya kwanza: cheche buluu. Petroli ilidondoka kidogo ikakata. Kufungua mfuniko, "fyuu", ikatiririka. Mfuniko umezibuliwa, ulikuwa na udongo wa dondola kweli.

Mara ya pili, mfuniko ukiwa mzima: imekwenda dakika 25 badala ya 12, ikazima. Petroli inatiririka. Cheche ipo lakini naiona ya njano kuliko ya mwanzo. Kiki imeshuka laini kidogo. Valvu asubuhi ilisoma 0.05 ya kuingiza, na ya ekzosi fila ya 0.05 haikupita kabisa.

#39 FundiNgoma

Haikupita kabisa! Nilisema nini?

#40 Mahuta Mwisho wa Lami

Cheche ya NJANO. Nilisema nini?

#41 SpanaKumi

Mfuniko umempa dakika 13 za ziada, na mimi niandikiwe.

#1, rekebisha valvu peke yake kwanza, 0.08 zote mbili, usiguse koili. Ikizima tena, safari hii pima koili ya sumaku kwa mita ikiwa ya moto, kisha ikiwa baridi, utuletee namba mbili. Plagi ya akiba uliyotumia nafasi yake ni ngapi? Iwe 0.6 hadi 0.7. Ikiwa pana mno hata koili nzima itatoa njano.

#42 Chikundi Njiapanda

Samahani kuingilia. Bomba la injini la kupulizia mikorosho nalo limelala tangu Septemba, linawaka kwa choki tu. Ni ileile ya #2?

#43 SpanaKumi

Ileile, ila kabureta yake nyingi ni za utando, hazina bakuli. Utando ukikakamaa hauoshwi, unabadilishwa. Petroli yake ina oili ndani, ikikaa inaacha utomvu mzito zaidi. Fungua uzi wake, hapa bado kuna maiti mezani.